Fanani Anaposimulia Nafsi Yake

Katika fasihi yetu ya jadi fanani hujificha nyuma ya hadithi yake. Bibi akisema "Paukwa", nasi tukaitikia "Pakawa", yanayofuata ni ya sungura, ya fisi, ya mfalme na binti zake saba. Hayawi ya bibi. Kama bibi alipata kumpenda mtu ambaye hakumwoa, jambo hilo lilibaki moyoni mwake, au lilipenyezwa katika kisa cha jini, na mwenye akili akaling'amua. Ndiyo maana usiku wa masimulizi ninaotaka kuupima hapa ni mgeni kwetu, ingawa vifaa vyake, yaani mdomo, sikio na utulivu wa jioni, tunavijua tangu utoto.

Nazungumzia usiku ambao watu wanaopenda wenzao wa jinsia moja, pamoja na wale wasiojitambua kwa jinsia waliyohesabiwa walipozaliwa, hukutana ukumbini, wakapanda jukwaani mmoja mmoja, na kueleza yaliyowapata wenyewe. Huko Marekani usiku huu una wazazi wawili. Mzazi wa kwanza ni siasa. Harvey Milk, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuingia katika baraza la San Francisco, aliwahimiza wenzake mwaka 1978 wajitaje kwa jamaa, marafiki na majirani, kwa hoja kwamba ni vigumu kumchukia mtu unayemfahamu. Novemba mwaka huo huo aliuawa kwa risasi. Mzazi wa pili ni sanaa. Mwaka 1997 mwandishi George Dawes Green alianzisha mjini New York jioni za masimulizi zilizoitwa The Moth, yaani nondo, akikumbuka kibaraza cha huko Georgia ambako marafiki walisimuliana usiku huku nondo wakiizunguka taa. Kanuni zake ni chache: kisa kiwe cha kweli, kiwe cha msimulizi mwenyewe, na kisimuliwe bila karatasi. Katika mashindano yake kila mtu hupewa dakika 5. Wazazi hao walizaa watoto wengi. Mmoja ni OUTspoken, usiku ulioanzishwa mwaka 2014 katika baa ya Sidetrack, iliyofunguliwa mwaka 1982 katika mtaa wa Halsted, Chicago.

Msomaji atauliza: mzee mwenye wajukuu alifuata nini huko? Binti yangu anafanya kazi katika mji huo, na mwenzake kazini alitualika kwenye usiku wa namna hii, katika ukumbi mwingine mdogo. Nilifundisha fasihi simulizi miaka mingi kabla na baada ya kuwa mkuu, kwanza wa shule, kisha wa chuo cha ualimu. Nikisikia kwamba watu wanalipa kiingilio ili wasikie hadithi kwa masikio yao, miguu huenda yenyewe.

Nianze na sifa. Walimu wa fasihi simulizi tumewafundisha wanachuo kwamba hadithi si maneno peke yake. Ni fanani, hadhira, mahali, wakati na tukio, vyote vikiwa pamoja. M. M. Mulokozi alipoziainisha tanzu za fasihi simulizi mwaka 1989 alilikazia sana suala hili la muktadha. Katika ukumbi ule nililiona somo hilo likiwa hai kuliko nilivyopata kuliona darasani. Msimulizi akisita, ukumbi ulimngoja. Akicheka, ulicheka naye. Mtu wa makamo alieleza jinsi marehemu baba yake alivyokuwa akimpigia simu kila Jumapili kuuliza habari za mvua, na mvua tu, kwa miaka kumi na mmoja, kwa sababu hakuna neno jingine ambalo mmoja wao angethubutu kulitamka. Hakumlaumu baba yake. Alituhesabia mvua tu, Jumapili baada ya Jumapili. Hiyo ni kazi ya fanani wa kweli: alimpa mtu asiyekuwepo haki yake.

Lakini upole wa ukumbi una gharama yake. Hadhira iliyokuja kufariji hupiga makofi kabla hadithi haijastahili. Kijana mmoja alisema tu kwamba alifukuzwa nyumbani, na shangwe ikapanda hadi darini. Baada ya hapo hakuwa na haja ya kutueleza mlango ule ulikuwa wa rangi gani, wala nani alisimama nyuma ya pazia bila kusema. Makofi yalimnyang'anya hadithi yake. Kasoro ya pili ni kwamba visa vimeanza kufanana: utoto wa hofu, safari ya kwenda mjini, rafiki wa kwanza, kisha ushindi. Ni kanuni ya ngano zetu za safari ya shujaa, ila ngano haikuahidi kuwa kweli. Mtu aliyeishi maisha yasiyo na ushindi mwishoni atapanda jukwaa lipi?

Nilijiuliza pia usiku huu ungekuwaje kwa Kiswahili. Kiingereza kina kiwakilishi cha mwanamume na cha mwanamke, basi msimulizi akimtaja mpenzi wake mara moja tu, siri imetoka. Kwetu, "alinipenda, kisha akaniacha" haisemi ni nani. Mtu anaweza kusimulia saa nzima bila kudanganya wala kufichuka, mpaka afike kwenye ndoa, ambapo lugha humdai aseme nani ameoa na nani ameolewa. Na akitaka kujitaja, atatumia neno gani? "Shoga", ambalo wanawake wa pwani huitana kwa mapenzi ya urafiki, limegeuzwa mitaani kuwa tusi kwa mwanamume. Lugha inayoweza kuficha siri kwa adabu namna hiyo haijawapa wenye siri jina la heshima.

Tena si lugha tu. Mjini Nairobi kikundi cha The Nest kilikusanya visa vya Wakenya wa namna hii, kikatengeneza filamu ya Stories of Our Lives, iliyoongozwa na Jim Chuchu na kuoneshwa Toronto Septemba 2014. Ni visa vitano katika picha nyeusi na nyeupe, na waigizaji ndio wanaobeba maisha ya wenye visa. Oktoba mwaka huo bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Nchini kwangu sheria ya makosa ya jinai inaweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa tendo lenyewe. Hivyo kile ninachokiita kasoro Chicago, yaani hadhira kushangilia mno, huku kwetu ni anasa. Huku msimulizi hurudi palepale alipokuwa bibi: lazima amtafute jini wa kusema badala yake.

Hukumu yangu basi ni hii. Kama sanaa, usiku huu bado ni mchanga. Unahitaji wasikilizaji wagumu zaidi, wanaomngoja msimulizi amalize ndipo wapige makofi. Kama baraza, umekwisha kufaulu, kwa sababu wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na huko nilimkuta mwenye kitanda akieleza mwenyewe, bila mkalimani, nasi tukiwa tumekaa kimya. Imani yangu na umri wangu havikunidai niridhie kila nilichosikia. Vilinidai nisikilize hadi mwisho, na hicho ndicho nilichowadai wanafunzi wangu kila asubuhi kwa miaka yote niliyosimama mbele yao.