Mahadhi ya Mikono

Mtumiaji stadi wa Lugha ya Alama ya Tanzania utamtambua hata kabla hujaelewa anasema nini. Tazama sentensi inapoishia: alama ya mwisho hukawia kidogo, kope zikapepesa, kichwa kikatua, ndipo mikono iendelee. Huko mkoani Mara, Mjita, Mkurya, Mzanaki na Mjaluo hukutana sokoni Musoma kila mmoja na lafudhi yake. Mikono nayo ina lafudhi, na haifichiki.

Msikiaji aliyejifunza ukubwani huongea Kiswahili kimoyomoyo. Midomo inatangulia, mikono inaburutwa nyuma. Chukua “sitakupikia”. Kiswahili kimefungasha humo mtenda, mtendewa, wakati na ukanushi. Mwanagenzi hufungua furushi hilo kipande kwa kipande, mwendo ukakatikakatika. Kiziwi mzoefu hutikisa kichwa papo hapo mikono inapopika, macho yakimwelekea anayenyimwa chakula. Uzuri uko hapo.

Mwaka 1972 Ursula Bellugi na Susan Fischer, huko Marekani, waliwapima wasikiaji waliolelewa na wazazi viziwi, wakisimulia kwa Kiingereza na kwa alama. Alama moja ilichukua muda wa karibu maneno mawili, lakini wazo zima likakamilika kwa muda uleule. Wasimulizi hao walisikia vizuri tu, na alama ilikuwa lugha yao ya utotoni. Kwa hiyo mimi silaumu masikio. Nauliza mtu aliianza lugha hiyo lini, na akiwa na nani.

Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Wa kijijini, wilayani Bunda au Butiama, anaweza kukua na ishara za nyumbani tu, mpaka apate shule yenye viziwi wenzake. Nyerere naye, Mzanaki wa Butiama, aliingia Shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka kama 12. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, na bado akaja kufasiri tamthilia mbili za Shakespeare. Lakini yeye alifika shuleni na lugha kamili kifuani. Mtoto kiziwi mara nyingi hakupewa hata hiyo, naye akishaishika lugha ya alama, huisukuma mikono kwa ufasaha unaonipa wivu.

Kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania ilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Mkalimani ataokota alama humo; mahadhi atayafuata kwa viziwi wenyewe, akae nao jioni nyingi, afunge mdomo, akubali kuchekwa.