Hasara ya Mkungu Mdogo: Karagwe na Kyerwa Katika Mipango ya Taifa ya Tabianchi

Januari 2007 Ofisi ya Makamu wa Rais ilikamilisha waraka wa kwanza wa taifa uliojaribu kujibu swali gumu: tabianchi ikigeuka, na fedha hazitoshi, tuanzie wapi? Waraka huo, unaojulikana kwa kifupi chake NAPA, ulikuwa tunda la mkutano wa Marrakesh wa mwaka 2001, ambako nchi maskini kuliko zote duniani ziliruhusiwa kuacha kwanza mipango mirefu na kuorodhesha mambo yasiyoweza kusubiri. Kila nchi ilipata ruzuku isiyozidi dola 200,000 za kuandaa orodha yake. Zaidi ya nchi 40 ziliandaa, nyingi zikiwa za Afrika.

Njia iliyotumika ilifanana karibu kila mahali. Wataalamu wa sekta walikaa pamoja, wakaorodhesha madhara, wakayapa alama, kisha wakapanga miradi kwa kufuata alama hizo. Kwa Tanzania, kilimo na usalama wa chakula vilishika nafasi ya kwanza, maji yakafuata. Ukishuka hadi kwenye miradi yenyewe iliyowekwa juu ya orodha, unakutana na mazao yanayovumilia ukame, maji kwa jamii za mikoa ya kati, kuhamisha visima vifupi vinavyoingiliwa na maji ya bahari pwani ya Bara na Zanzibar, upandaji miti kwenye mlima Kilimanjaro, umeme mdogo wa maporomoko wilayani Same, na mapambano dhidi ya malaria katika maeneo mapya yaliyoanza kuingiliwa na mbu.

Weka orodha hiyo juu ya ramani. Katikati ya nchi pamo, pwani imo, kaskazini imo. Kona ya kaskazini magharibi, kule Mto Kagera unakotutenga na Rwanda na Uganda, haikutajwa kwa mradi wake. Wala sioni sababu ya kuwalaumu walioandika. Mwaka 2006 ulikuwa mwaka wa mgawo mkali wa umeme, bwawa la Mtera likiwa limeshuka kina, na nchi ilikuwa imetoka kwenye ukame ulioacha maghala matupu. Anayetoa alama za madhara katika mwaka wa namna hiyo atamwona kwanza ng'ombe aliyekufa Dodoma, si shamba la migomba lililo kijani Karagwe.

Hapo ndipo kasoro ya kiufundi ilipo. Mbinu ya kutoa alama hutafuta kitu kilichokufa, na mgomba haufi.

Mahindi yakikosa mvua wiki tatu wakati wa kutoa mbelewele, kila mtu anajua, hata apitaye kwa basi. Mgomba ukikosa maji hupunguza kasi ya kutoa majani, huchelewa kuzaa, kisha hutoa mkungu wenye chane chache na ndizi nyembamba. Shamba linabaki kijani. Utafiti uliofanyika katika migomba ya nyanda za juu nchini Uganda na kuchapishwa mwaka 2011 ulipima jambo hili: kila mvua ya mwaka inapopungua kwa milimita 100, mkungu hupoteza kati ya kilo 1.5 na 3.1, yaani asilimia 8 hadi 10 ya uzito wake. Katika maeneo yanayopata chini ya milimita 1,100 kwa mwaka, hasara inayotokana na ukame ilifika kati ya asilimia 20 na 65 ikilinganishwa na maeneo yanayozidi milimita 1,500. Migomba hiyo ni jamii moja na ile inayoliwa Kayanga wilayani Karagwe, na Nkwenda na Kaisho wilayani Kyerwa, na wilaya ya Isingiro ya Uganda unaiona kwa macho ukisimama Murongo, upande wetu wa mpaka.

Ongeza tatizo la wastani. Katika takwimu za taifa, Kagera ni mkoa wa mvua, na sifa hiyo inatokana zaidi na Bukoba, mwambao wa Ziwa Viktoria, ambako mvua ya mwaka hufika milimita 2,000. Ukipanda kuelekea magharibi mvua inapungua, na sehemu kubwa ya Karagwe na Kyerwa hupata takriban nusu ya hiyo. Maana yake wilaya hizi mbili zimekaa ukingoni kabisa mwa kile ambacho mgomba unakihitaji. Zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipomegwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huohuo ilihesabu zaidi ya watu laki tatu katika kila moja. Watu wengi hivyo, zao moja kuu la chakula, na nafasi ndogo ya kukosea. Kwenye jedwali la mkoa hayo yote yamefunikwa na mvua ya Bukoba.

Wakulima wenyewe walikuwa na mpango wao kabla neno tabianchi halijafika vijijini. Kibanja, shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, huendeshwa kama ghala la maji. Chini huwekwa matandazo mazito ya nyasi na majani makavu ya mgomba, kahawa huota katikati, maharage hupenyezwa panapopita mwanga, na juu husimama miti michache ya kivuli. Nyasi zilitoka rweya, ile nyika ya malisho iliyo nje ya makazi. Ng'ombe walikula rweya mchana na kuacha samadi nyumbani usiku. Rutuba na unyevu vilihamishwa kila siku kutoka eneo kubwa kwenda eneo dogo. Mfumo huu ulidumu vizazi kwa sababu rweya ilikuwa kubwa na watu walikuwa wachache. Uwiano huo umegeuka. Rweya inalimwa na kugawanywa, ng'ombe wamepungua kwa kaya nyingi, na matandazo yamekuwa kitu cha kununua au kugombea. Kwa hiyo mvua ileile, ikinyesha juu ya udongo ulio wazi, haina tena thamani iliyokuwa nayo.

Sasa swali la uchambuzi wetu: iwapo mpango wa taifa haukuliona tatizo hili, nani alilipia suluhisho, na kwa njia ipi?

Mlango uliofunguka ulikuwa wa kaboni. Shirika la Vi Agroforestry la Sweden, ambalo lilikuwa tayari likifundisha kilimo mseto na miti mkoani Kagera, lilianzisha Karagwe na baadaye Kyerwa mradi uitwao Emiti Nibwo Bulora, yaani miti ndiyo uhai, chini ya kiwango cha kimataifa cha Plan Vivo. Kwenye karatasi, huu ni mradi wa kupunguza gesijoto: mkulima mdogo anapanda miti, miti inavuta hewa ukaa, hati za kaboni zinauzwa ng'ambo, na sehemu ya fedha inamrudia mkulima. Kiwango cha Plan Vivo kinataka angalau asilimia 60 ya mapato ya mauzo iifikie jamii.

Utaratibu wake unastahili kuangaliwa kwa karibu, maana una umahiri ambao mipango mingi ya serikali haina. Hauanzi na lengo la idadi ya miche kitaifa. Unaanza na mkulima kuchora shamba lake kwa mkono kwenye karatasi: nyumba hapa, kibanja hapa, kipande cha maharage na mahindi kule, mpaka na jirani, njia ya ng'ombe. Kisha anaongeza mchoro wa miti anayotaka na mahali itakapokaa. Mtaalamu anakagua mambo mawili kabla ya kukubali: je, ardhi ni yake kweli, na je, akishaweka miti atabaki na ardhi ya kutosha kulisha nyumba yake? La pili ni swali la uhimili, yaani uwezo wa kustahimili tabianchi inayogeuka, ingawa fomu ni ya kaboni. Baada ya hapo anachagua mtindo: miti ya mpakani, miti iliyotawanywa kati ya mazao, shamba dogo la mbao, au bustani ya matunda. Grevilea hupendwa mpakani kwa sababu hukua haraka na hupogolewa bila kufa. Muhumula na mushambya, miti ya wenyeji, huingia shambani kwa kivuli na mbao.

Mkulima hatiwi fedha zote mkononi siku ya kupanda. Malipo hukatwa vipande kwa miaka, na kila kipande hutanguliwa na ukaguzi. Mkaguzi anahesabu miti iliyo hai, na miti ikishakua anazungusha utepe kwenye shina, kwenye usawa wa kifua cha mtu mzima. Miche ikifa, mkulima anapanda mingine ndipo alipwe. Wakati huohuo hati zinazouzwa hukokotolewa kwa makadirio ya kaboni itakayohifadhiwa miaka mingi ijayo, na sehemu yake huwekwa akiba kwa ajili ya moto, wadudu na wakulima watakaojitoa.

Mti uleule uliopimwa kwa kaboni unavunja upepo unaoangusha mgomba uliobeba mkungu, unapunguza ukali wa jua juu ya kahawa, na matawi yake yaliyopogolewa yanarudi chini kuwa matandazo au kuni, ili majani ya mgomba yasichomwe jikoni. Hiyo ni kazi ya kuhimili, iliyolipwa kwa risiti ya jina jingine.

Je, kuna ubaya? Upo, tena si mdogo. Utepe haupimi kile ambacho kibanja kinahitaji. Mti mkubwa zaidi ndio wenye kaboni zaidi, wakati mgomba ulio chini yake, hasa katika mvua haba, unaweza kunyang'anywa maji na mwanga na mti huohuo. Mkulima mjanja hupogoa kwa ukali. Ratiba ya malipo haimlipi kwa kupogoa. Matandazo hayana malipo yoyote. Samadi haina. Mtaro wa kuzuia maji yasikimbie haumo kwenye hesabu. Mwenye ekari moja ya kibanja kilichobanana, ambaye huenda ndiye anayeumizwa zaidi na ukame, ana nafasi ndogo ya miti, kwa hiyo ana hati ndogo. Fedha zinafuata ukubwa wa ardhi kuliko ukubwa wa hatari.

Milango mingine ilifunguka kwa majina mengine. Mradi wa bonde la Kagera uliosimamiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa fedha za mfuko wa mazingira wa dunia, ulioanza mwaka 2010 katika nchi nne zinazochangia mto huo, uliingia Karagwe kama mradi wa uharibifu wa ardhi, ukiwa na mashamba darasa. Shirika la wakulima la MAVUNO la Karagwe lilishirikiana na watafiti wa Ujerumani kugeuza kinyesi, majivu na mkaa laini kuwa mboji inayorudisha fosforasi kwenye udongo. Hilo liliitwa usafi wa mazingira. Na umeme wa Kikagati na Murongo, megawati 14 zinazogawanywa kati yetu na Uganda, ulihesabiwa kama nishati, ijapokuwa mto unaouendesha unategemea mabonde na milima ileile inayopoteza nyasi zake.

Kutoka kwa taifa, kwa upande mwingine, karatasi ziliongezeka. Mkakati wa taifa wa mabadiliko ya tabianchi ulitoka 2012, na mkakati mpya ukafuata kwa miaka ya 2021 hadi 2026. Mwaka 2022 zilikuja kanuni za biashara ya kaboni, na Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Tani ya kaboni ina daftari. Kilo mbili zilizookolewa kwenye mkungu kwa sababu ya matandazo hazina pa kuandikwa.

Zipo nchi zilizojaribu kuziba pengo hili kwa kushusha fedha, si waraka peke yake. Nepal mwaka 2011 iliweka mfumo wa mipango ya uhimili ya ngazi ya chini na kuahidi kwamba angalau asilimia 80 ya fedha ifike huko. Kenya ilianza na mfuko wa kaunti Isiolo, ikapata Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2016, na kamati za wadi zikapewa sauti katika kuchagua miradi. Hapa kwetu jaribio la aina hiyo lilifanyika Longido, Monduli na Ngorongoro, na mbinu inayofanana nayo ikapelekwa halmashauri za mkoa wa Dodoma. Tazama majina hayo ya kwetu: yote ni maeneo makavu. Hata majaribio yanayokusudia kusikiliza vijiji yalianzia pale ambapo ukame unaonekana kwa macho.

Karagwe na Kyerwa hazihitaji kusubiri jaribio lao. Halmashauri zote hupanga kupitia vikao vya kijiji, kata na Baraza la Madiwani, kisha huingiza shughuli kwenye PlanRep, mfumo wa serikali wa mipango na bajeti za halmashauri, na kisichoingia humo hakina bajeti. Kikwazo ni kipimo. Zahanati huhesabiwa kwa majengo, barabara kwa kilomita. Uhimili wa kibanja unaingia kwa kipimo gani? Pendekezo langu ni la bei ya mizani. Afisa ugani wa kila kata achague vibanja kadhaa, apime mikungu inayovunwa kwa misimu miwili ya mvua na viangazi vyake, na aandike karibu yake unene wa matandazo na mvua ya kipimo kilicho shuleni. Watafiti wa kilimo wa TARI Maruku wapo Bukoba wa kusahihisha namba hizo. Halmashauri ikipeleka Dodoma jedwali linaloonyesha kilo ngapi zilipotea mwaka wa mvua haba, na ngapi zilibaki palipokuwa na matandazo, diwani atakuwa na kitu cha kubishania katika kikao cha bajeti, na mwandishi wa mkakati utakaofuata ule wa 2026 atakuwa na alama ya kuipa Karagwe.