Shahidi wa Nini? Uchaguzi wa Chanzo cha Asili katika Historia ya Kale ya Kilimanjaro

Mwanafunzi wa historia ya kale ya dunia hupewa sharti moja lisikikalo kuwa jepesi: achague chanzo kimoja cha asili, akieleze, kisha ajenge hoja yake juu yake. Kwa mwenye kuandika habari za Roma au za Baghdad sharti hilo ni jepesi kweli, maana huko maandishi ni mengi. Kwa mwanafunzi wa Holili, penye barabara itokayo Moshi kupitia Himo na kuingia Taveta, ni zito. Hakuna maandishi yajulikanayo ya mwenyeji wa miteremko ile yaliyoandikwa kabla ya mwaka 1500. Basi achague nini? Akikosea, hasara yake si ya alama za mtihani tu. Ataamini kwamba nchi yake haikuwamo duniani mpaka siku mgeni alipoitaja.

Chanzo kivutiacho wengi ni kitabu cha jiografia cha Mhispania Martín Fernández de Enciso, kilichochapishwa Sevilla mwaka 1519. Humo umetajwa mlima mrefu mno ulio magharibi ya Mombasa, nao umeitwa Olimpo wa Ethiopia. Wengi wameutambua kuwa ni Kilimanjaro, na huenda wamesema kweli. Lakini Enciso alifanya kazi zake za ng'ambo katika nchi za Amerika, si katika pwani ya Afrika Mashariki. Wareno walikuwa wamefika Mombasa mwaka 1498, na habari za mabaharia zilikwisha kuenea katika bandari za Ulaya. Hata jina alilolitumia si la pwani wala la bara. Ni la Wayunani. Kwa hiyo Enciso ni shahidi mwema wa mambo yaliyosemwa Sevilla, wala si shahidi wa mlima. Anayemchagua kwa sababu tu ametaja mahali amechagua jina, hakuchagua ushahidi.

Ibn Battuta ana uzito zaidi. Yeye alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akaona kwa macho yake. Alieleza kwamba watu wa Mombasa walikula hasa ndizi na samaki, na kwamba nafaka yao ililetwa kutoka nje. Lakini hata hapa yafaa kuangalia. Safari zake hakuziandika alipokuwa njiani. Alimsimulia Ibn Juzayy huko Moroko zaidi ya miaka 20 baadaye. Tena hakupanda bara. Mwanafunzi atokaye penye migomba ataona ndizi za Mombasa na kutaka kusema kwamba migomba ya Uchaga ilitokea huko. Ibn Battuta hakusema hivyo, wala hakuweza kusema. Ametoa habari ya chakula cha mji mmoja wa pwani katika karne ya 14, na hapo ushahidi wake unakoma.

Yako masimulizi ya wenyeji. Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu, aliyakusanya mapema katika karne ya 20; Kathleen Stahl naye aliwasikiliza wazee wengi kwa ajili ya historia yake ya Wachaga iliyotoka mwaka 1964. Hazina hii si ya kudharauliwa, lakini ina tabia yake. Nasaba nyingi zilizohifadhiwa ni za nyumba za wamangi, na katika siku za ukoloni nasaba ilikuwa hoja ya kudai kiti. Aliyeshinda alikumbukwa kwa urefu, na aliyeshindwa kwa ufupi. Masimulizi hayo, basi, yaeleza vizuri namna watawala walivyotaka kukumbukwa. Kuyahesabu vizazi vyake ili kuifikia karne ya 13 ni kuyatwisha mzigo yasioweza kuubeba.

Chanzo kisahauliwacho ni lugha yenyewe. Pande za Rombo husemwa Kichaga; ukivuka mpaka na kuingia Taveta husikika Kitaveta, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kipare, si wa Kichaga. Tena Kigweno, kisemwacho katika milima ya Upare wa Kaskazini, ni ndugu wa Kichaga. Udugu wa namna hii haukupangwa na mpaka uliotokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, umetangulia mbali. Derek Nurse aliuchunguza katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya lahaja za Kichaga na historia ya Kilimanjaro, Taita na Upare.

Hata hivyo pana tofauti isiyofaa kufichwa. Kitabu cha Nurse si chanzo cha asili. Ni hukumu ya mtaalamu. Chanzo ni yale maneno yaliyotoka vinywani mwa wasemaji na kuandikwa jinsi yalivyotamkwa. Maneno hayo nayo yana mipaka yake. Huonyesha kipi kilitangulia na kipi kilifuata, nani alikopa kwa nani, lakini hayataji mwaka. Mwanaisimu atoaye tarehe kwa maneno peke yake anatenda kosa lile lile la msomaji wa Enciso.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe, "Chanzo gani kimetaja kwetu?" bali, "Chanzo hiki ni shahidi wa nini?" Anayetaka kueleza chakula cha miji ya pwani katika karne ya 14 na amshike Ibn Battuta. Anayetaka kujua Wazungu waliwaza nini juu ya bara wasilolifikia, Enciso atamfaa sana. Lakini anayetaka kujua watu wa chini ya mlima walijirani na nani kabla ya maandishi, na aandike maneno mia mbili ya wazee wa Holili na mia mbili ya wazee wa Taveta, ayaweke sambamba, na aseme yale tu ambayo maneno hayo yanamruhusu kusema. Kazi hiyo yaweza kufanywa kwa miguu, kwa kalamu na daftari, na vyanzo vyake bado vi hai.