Makasha ya Montreal na Miguu ya Wazee

Mwanafunzi msomaji, huenda umepata kuona picha ya Habitat 67, jengo lililo kando ya mto St. Lawrence mjini Montreal, nchini Kanada. Makasha 354 ya saruji yamepandana mfano wa mawe ya mlimani, na paa la huyu ni bustani ya yule. Moshe Safdie alianza kulibuni angali mwanafunzi wa chuo kikuu, likasimamishwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya 1967, naye hajatimiza miaka thelathini. Kwa jicho la mtazamaji, ni kazi ya ajabu.

Nia yake ilikuwa njema. Kasha lifinyangwe kiwandani, liinuliwe kwa winchi hadi mahali pake, na nyumba iwe rahisi kwa mtu wa kipato kidogo. Lakini kalibu huleta faida itumikapo mara nyingi mno. Mradi ulipopunguzwa zikajengwa nyumba 158 tu, na gharama yote ya mitambo ikaziangukia hizo chache. Leo wakaao humo ni watu wenye mali.

Basi tumwingize humo ajuza wa miaka themanini, tuone. Lifti haisimami kila ghorofa. Nyumba nyingi zina ngazi ndani yake, na njia za kuziendea zi nje, katika mji ambao theluji hulala kwa miezi. Tena, kasha lililochomoza peke yake hupigwa na upepo ubavuni, juu, pengine hata chini, na joto lake hutoroka kila upande. Lau makasha yangebanana, kila moja lingempasha jirani yake. Kijana huenda kazini asubuhi; mzee hushinda ndani mchana kutwa, na moto wa nyumba hulipwa na yeye. Ule uzuri wa kupandana unaotupendeza pichani, yeye angeulipia kila mwezi wa baridi.

Mimi silaumu kasha. Nalaumu kwamba lilipangwa kwa ajili ya macho.

Sasa litazame jengo jingine, ambalo halikutokana na makasha: Appleby Blue, mtaani Bermondsey, London, lililopata Tuzo ya Stirling mwaka 2025. Ni nyumba 59 za kodi nafuu kwa watu waliopita miaka 65. Hapo wabunifu, Witherford Watson Mann, walitumia nafasi nyingi mahali ambapo wajenzi wengi hubana, yaani njia ya kufikia mlango. Ina vioo, mimea na mabenchi, na mtu wa Lamu angeiita baraza pasipo kusita. Mzee aweza kutoka na bakora yake, akakaa, akasalimiwa, asiloe mvua. Kasoro niionayo ni hesabu: nyumba 59, katika mji wenye wazee wengi kama London, ni chache mno.