Nani Aliyemuua Robin?

Katika fasihi simulizi hadhira huitikia, huimba, hata humkosoa fanani. Lakini kufa au kupona kwa mhusika humbakia fanani. Mwaka 1988 kampuni ya DC ya Marekani iliipindua kanuni hiyo. Katika hadithi ya katuni ya *A Death in the Family*, Jason Todd, yaani Robin, kijana msaidizi wa Batman, aliachwa kwenye jengo lililolipuliwa kwa bomu la Joker. Wasomaji wakaambiwa wapige simu: afe au apone? Kura 5,343 zilisema afe, 5,271 apone. Tofauti ni 72 tu!

Wapo watakaosema hiyo ni biashara, maana kila simu ililipiwa. Ni kweli. Lakini hebu tujiulize, nani basi aliyeua? Joker alitega bomu, msomaji akamalizia. Hapo ndipo ulipo uzito wa kifo kile.

Mwaka 2005 mwandishi Judd Winick alimrudisha Todd, amejaa hasira, akimuuliza Batman kwa nini alimwacha Joker hai. Ufufuo huu una dhamira, si kiinimacho. Ila yule aliyepiga simu hakuulizwa kitu. Mwaka 2020 ikatoka filamu ambayo mtazamaji mwenyewe huchagua hatima ya Todd. Asipoipenda, anarudi nyuma na kuchagua tena. Sasa jamani, uamuzi unaofutika una uzito gani?

Kumfufua mhusika si kosa. Kosa ni kumfufua marehemu na kumsahau muuaji aliyeshika kitabu.