Chuma kwa watoto wa Pemba: jaribio lililositishwa 2003

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, upungufu wa damu ulikuwa umeenea mno miongoni mwa watoto wadogo wa Pemba, na tiba yake ilionekana wazi: waongezewe madini ya chuma. Jaribio lililofanyika kisiwani humo lilihusu watoto zaidi ya 24,000 wenye umri wa mwezi 1 hadi miezi 35. Kwa kura, baadhi walipewa kila siku miligramu 12.5 za chuma pamoja na asidi ya foliki, wengine wakaongezewa na zinki, wengine wakapewa zinki peke yake, na wa kulinganishwa nao wakapewa vidonge visivyo na dawa. Walio chini ya mwaka mmoja walipata nusu ya kipimo.

Agosti 2003 vidonge vyote vyenye chuma vilisitishwa. Vya zinki peke yake vikaendelea. Waliopewa chuma walikuwa katika hatari ya kufa au kulazwa hospitali iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 12.

Maelezo yenye nguvu zaidi ya hatari hiyo yamo katika namna mwili unavyolinda mizani ya madini haya. Mwili hauna njia maalumu ya kutoa chuma kilichozidi, hivyo hudhibiti kinachoingia. Ini hutengeneza homoni iitwayo hepsidini, inayozuia chuma kupita kutoka utumboni kwenda kwenye damu. Maambukizi, malaria ikiwemo, huipandisha homoni hiyo, na vijidudu vinavyohitaji chuma ili vizaliane hunyimwa. Chuma cha dagaa au mchicha hufyonzwa polepole. Kidonge hushusha kingi kwa mkupuo: kiasi kinaweza kuzunguka kwenye damu bila kushikwa na protini ya kukibeba, na kinachobaki utumboni huneemesha bakteria wabaya.

La kuzingatiwa zaidi, ingawa husahaulika takwimu hizi zinapotajwa, ni kundi dogo lililopimwa damu mwanzoni na kutibiwa malaria kwa ukaribu. Humo, watoto waliopungukiwa chuma kweli na wenye upungufu wa damu walinufaika na vidonge. Kwa hiyo kasoro ilikuwa kuwagawia wote bila kupima, mahali penye malaria nyingi.

Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake baada ya matokeo kuchapishwa 2006. Mwongozo wake wa 2016 unaruhusu chuma kwenye maeneo ya malaria, mradi kinga, vipimo na matibabu ya ugonjwa huo viwepo.