Ndege za Mbao Juu ya Tanganyika

Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walishika ufuo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kuanzia boma la Usumbura, Bujumbura ya leo, hadi kusini. Ngome yao kuu ilikuwa Kigoma, mwisho wa reli ya Dar es Salaam, ilikotia nanga meli kubwa Graf von Götzen. Wabelgiji wa ng'ambo, watawala wa Kongo, hawakuwa na meli ya kuikabili. Wakaamua kuipiga kutoka angani kwa ndege, silaha ambayo hata Ulaya ilikuwa bado changa.

Waingereza wakawaazima ndege 4 aina ya Short, za mbao na kitambaa, zenye maboya badala ya magurudumu. Zilisafiri ndani ya makasha kupitia Kongo, kwa reli na mito, mpaka ziwani, zikaunganishwa huko.

Hapo ndipo ninapopenda kukawia. Mafundi wa gereji za Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, wanajua kuunganisha mashine mbali na kiwanda chake, lakini wao wakikosea gari husimama tu. Hapa kila ubao ilibidi ukaguliwe usiwe umepinda kwa joto, na kila waya kati ya bawa la juu na la chini ukazwe kwa kiasi: ukilegea bawa hutetema, ukizidi mbao hupinda. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, injini hupungukiwa nguvu, nayo ndege huinuka kwa shida, tena ikiwa imebeba mabomu na petroli. Mawimbi nayo yalikuwa makali kwa maboya, hivyo kambi ikahamishiwa kwenye maji tulivu ya ziwa dogo la Tongwe.

Tarehe 10 Juni, rubani Aimé Behaeghe na mwangalizi wake walivuka zaidi ya kilomita 100 za maji na kudondosha mabomu Kigoma. Walilenga kwa jicho na hesabu, kwani bomu haliangukii palepale lilipoachiwa; huendelea mbele na mwendo wa ndege. Kazi hiyo ilikuwa ya kuua, na sisahau kwamba bandarini palikuwa na watu. Ustadi wake hata hivyo ni wa kweli. Behaeghe aliugua, akafia Niemba, Kongo, Desemba mwaka uleule.

Götzen haikuzama kwa mabomu. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi Julai, na wahandisi wake, mafundi wa kuheshimiwa vilevile, wakazipaka injini grisi nyingi kwanza. Waingereza waliiibua mwaka 1924. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, na kwa miaka mingi ilipakia abiria na mizigo hata katika bandari ya Bujumbura.